Treni ya mfano ikiacha reli, usikimbilie kupunguza mwendo

Behewa likianguka, wengi hupunguza mwendo. Treni inapita, mwenyewe anafurahi, na kasoro inabaki palepale. Kwangu hapa Nakuru njia imelazwa juu ya plaiwudi katika chumba cha nyuma, kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, na upana wake ni milimita 16.5. (Huo ni upana wa SGR ukipunguzwa kwa kipimo hicho. Reli yetu kongwe ya mita moja, ile inayogawanyika hapa kwenda Kisumu na Eldoret, kwa kipimo hiki ingekuwa milimita 11.5 tu. Wapenzi wa reli ya zamani wanisamehe.) Kwa udogo huo, nusu milimita si jambo la kupuuza.

Kabla ya kushika koleo au tupa, jua mkosaji ni nani: njia au behewa. Kila linapoanguka, bandika kikaratasi hapo, uandike ni behewa gani na lilikuwa linaelekea upande upi. Mabehewa tofauti yakianguka pahali pamoja, kagua njia. Behewa lilelile likianguka huku na kule, achana na njia.

Kwenye njia, pitisha ukucha upande wa ndani wa reli, pale vipande viwili vinapokutana. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Mara nyingi utakuta reli moja imekalia kiungio, kile kibati kinachoshika reli mbili, badala ya kuingia ndani yake. Inama macho yawe usawa wa meza, umulike tochi kutoka upande wa pili. Kigongo kitajionyesha chenyewe. Kwenye kona, viungo hupenda kujinyoosha na kufanya pembe, kwa hiyo mimi huchomelea vipande kwa risasi vikiwa bado vimenyooka, ndipo ninavikunja. Lakini usichomelee njia nzima. Jamaa yangu wa Kisumu alifanya hivyo. Joto lilipokolea, reli zilikosa pa kutanukia zikainuka kutoka kwenye mbao. Sehemu zilizonyooka, acha mianya myembamba.

Kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika, shida ya kwanza hapa Nakuru ni vumbi. Ni laini mno, hujipenyeza hadi ulimi wa pointi, ile reli inayosogea, usishikane na reli ya kando, na ukingo wa gurudumu ukaingia katikati. Brashi ya rangi iliyo kavu inatosha.

Behewa lenyewe likiwa na hatia, pima kwa kalipa nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Iwe karibu milimita 14.4. Yakikaribiana mno, migongo hugonga reli ya kinga kwenye pointi na behewa linapanda juu. Yakiachana mno, ukingo hugonga ncha pale reli zinapokutana. Yazungushe taratibu huku ukivuta au kusukuma, kisha upime tena; usilivute moja tu kwa nguvu, litakaa mshazari.

Uzito nao usiusahau. Kwa kanuni ya chama cha reli za mfano cha Marekani, NMRA, behewa la HO la sentimita 15 liwe na gramu 113 hivi. Mengi ya plastiki hayafiki hapo. Gundisha nati za chuma sakafuni, chini kabisa, kamwe si darini.

Ukimaliza, sukuma treni nzima kinyumenyume kupitia pointi zote. Behewa linaloweza kuvutwa bila shida huenda bado likaanguka likisukumwa.