Maswali yenu ya oili: Castrol, nyonyo na Safari Rally

Wiki hii maswali mengi ni ya Castrol, wale wa oili za injini, haya twende.

Kaka, fundi wangu hapa Tabata anasema Castrol zamani ilitiwa mafuta ya nyonyo, kweli?
Kweli kabisa. Charles Wakefield alianzisha kampuni yake London mwaka 1899, alikuwa anauza oili za treni na mashine kubwa kubwa, sasa magari na ndege zilipoanza kushika kasi ikabidi ipatikane oili isiyoganda asubuhi kwenye baridi na isiyolegea kama maji injini ikichemka, ndo wakaongezea nyonyo, kwa Kiingereza castor, na jina Castrol likatoka humo mwaka 1909.

Kwa hiyo naweza kuweka nyonyo kwenye IST yangu?
Hapana dada, usithubutu. Nyonyo inashika chuma vizuri sana kwenye joto kali, ila ikikaa inaacha utando kama gundi, wale wa mbio walikuwa wanafungua injini kila mara. IST weka oili ya unene wa 5W-30 utulie.

Mbio na oili wapi na wapi?
Wakefield alikuwa anawapa hela watu wa kuvunja rekodi za spidi, wa ndege, boti na magari, wakishinda anatangaza kwamba walitumia oili yake. Mimi nampa heshima kwa hilo maana injini ya mbio inateswa vibaya, oili mbovu inaumbuka palepale watu wote wanaona.

Mjomba nakumbuka Toyota nyeupe yenye kijani na nyekundu kwenye mbio za magari za Safari Rally, ile ilikuwaje?
Hapo umenigusa! Ile ni gari aina ya Celica ya timu ya Toyota, Castrol walikuwa wadhamini wakuu kuanzia 1993, na mwaka huohuo Juha Kankkunen, dereva wa Finland, akachukua Safari, Celica zikashika nafasi nne za kwanza, nne! Mwaka uliofuata akashinda Ian Duncan, Mkenya, mtoto wa huku huku, kwenye vumbi na matope yanayoua gari za watu. Na vijana mjue hayo mashindano ni yetu pia, yalipoanza 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Castrol ni ya Waingereza bado?
Burmah Oil, kampuni ya Uingereza, waliinunua 1966, BP, nao wa Uingereza, wakawanunua Burmah Castrol mwaka 2000.

Bro mi ni bodaboda Mbagala, oili ya gari inafaa kwenye pikipiki?
Hapana, pikipiki nyingi klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza, unavuta mafuta injini inalia tu pikipiki haiendi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, ndo alama ya oili inayofaa klachi ya hivyo, unene soma kwenye kitabu cha pikipiki yako, na ukinunua Kariakoo angalia kwanza sili ya kifuniko kama haijaguswa, makopo yanayojazwa upya yapo.