Jibu: Mdogo wangu anataka kuacha chuo katikati ya muhula

Salama ndugu. Umesema dogo yuko chuo cha jamii huko Ohio, anapiga shifti za usiku ghalani, amefeli mtihani wa hesabu na anataka kuacha. Asitoweke kimyakimya tu! Kwanza angalieni kalenda: akitoka kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu ya Pell Grant (ruzuku ya masomo ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo) hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kumdai yeye. Deni la namna hiyo huwazuia wengi kurudi. Mimi nilinusurika kwa kupunguza masomo muhula uliofuata, chini ya krediti 12, yaani chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote. Pell ikapungua, haikukatika. Kabla ya kufuta somo lolote aende ofisi ya msaada wa fedha, maana wakiamua kama utaendelea kupata msaada wanapima pia masomo uliyomaliza kati ya uliyojiandikisha. Shifti je, bosi hawezi kumhamishia wikendi?