Kovalev hakuuzwa, alipumzishwa tu

Wapo wanaodai kwamba Montreal Canadiens, timu ya hoki ya barafu ya Kanada, ilimuuza mshambuliaji wake Alexei Kovalev Februari 2009. Hapana, haikumuuza. Meneja mkuu Bob Gainey alimwambia abaki nyumbani kwa mechi mbili, kisha Kovalev akarudi uwanjani na kumaliza msimu akiwa na jezi ileile. Aliondoka majira ya joto mwaka huo, mkataba ulipokwisha, akaenda timu ya Ottawa.

Na hasira za mashabiki kwa kiwango chake cha kupanda na kushuka zilikuwa na msingi, takwimu za NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini) ziko wazi. Msimu wa 2006–07 alipata pointi 47 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja), uliofuata akapanda hadi 84, halafu akashuka hadi 65. Mwezi mmoja tu kabla ya kupumzishwa alikuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wote, tena hapohapo Montreal! Mikono kama ile wachache sana wamejaliwa kwenye hoki ya barafu, ndiyo maana iliuma kumwona akipotea mechi nzima.

Ila wanaosema alikuwa mvivu wanamwonea. Asiyejituma hachezi NHL hadi karibu miaka 40.