Mwache Papa Aseme Mwenyewe: Kuandika Ngano Upya kwa Upande wa Adui

"Mmedanganywa kunihusu. Leo nitawaambia ukweli." Kama hadithi yako ya adui inaanza hivyo, futa sentensi hizo kabla hujaendelea. Zimetumika mno, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba zinampa adui habari asizokuwa nazo: amejuaje kwamba kuna ngano inayomsema? Papa yuko chini ya maji. Hana habari na fanani aliyeketi na watoto wanaoitikia "hadithi njoo". Mkute kazini, na shida yake ya siku hiyo.

Papa huyu ni yule wa Kima na mkuyu, katika ngano ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Kima hula kuyu juu ya mti ambao matawi yake mengine yako nchi kavu na mengine juu ya maji, humrushia Papa, Papa naye hula. Urafiki ukakolea. Papa akamkaribisha kwao, akambeba mgongoni, na walipofika katikati akamwambia kwamba sultani wao hawezi, yaani anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo ameuacha mtini. Wakarudi kuuchukua, Kima akapanda, hakushuka tena. Badala yake akamsimulia Papa kisa cha punda wa dobi, aliyeponea kwa simba mara ya kwanza kisha akarubuniwa arudi.

Chagua toleo moja ubaki nalo. Ngano hii ina ndugu wengi: kule India, katika mkusanyo wa ngano uitwao Panchatantra, adui ni mamba ambaye mkewe ndiye anayetaka moyo, na katika kitabu cha Kiarabu cha Kalila wa Dimna ni kobe. Anayetii sultani na anayemridhisha mke hawasemi kwa sauti moja. Ukiwachanganya, hutajua tena mhusika wako anamwogopa nani.

Kisha andika matukio yote kwa mistari mifupi, kumi hadi kumi na tano, usiyaguse tena. Papa lazima ambebe Kima, lazima aseme, lazima arudi. Utamu wa uandishi huu ni msomaji kuliona tukio analolijua kutoka upande asioujua. Ukimfanya Papa asimbebe, umeandika hadithi nyingine, na pengine nzuri, lakini si hii.

Pembeni mwa kila mstari jaza mambo mawili: wakati huo adui anajua nini, na anaamini nini ambacho si kweli. Zoezi hili linachosha na ndilo lenye faida kuliko yote. Chukua mstari wa moyo ulioachwa nyumbani. Waandishi wengi hapa humfanya Papa mpumbavu ili jambo lipite. Hakuna haja. Hajawahi kukaa nchi kavu, wala hajawahi kuona kima aliyepasuliwa. Ameona wavuvi wakivua nguo zao na kuziacha ufukweni, jioni wakazivaa tena. Kwa nini moyo usiachwe? Msomaji anajua, Papa hajui, na huruma inaingia yenyewe bila wewe kuiombea.

Sasa tafuta pengo. Kila ngano ya zamani ina mahali ambapo fanani alipita haraka kwa kuwa hadhira haikuuliza. Katika hii, pengo ni moja na ni pana: kwa nini Papa alisema? Angenyamaza hadi wafike, kazi ingekwisha. Ngano haina jibu. Unaweza kusema alishindwa kumsaliti rafiki aliyekula naye, yaani dhamiri ilimsumbua. Unaweza kusema kwao mgeni hafichwi jambo linalomhusu, basi kusema ni adabu tu. Au alitaka Kima akubali mwenyewe, ili lawama isiwe ya mtu. Chagua moja. La dhamiri ni jepesi mno kwa maoni yangu. La tatu ndilo linalomwacha Papa akiwa adui kweli, kwa sababu anataka moyo na anataka shukrani pia:

"Nilihisi vidole vyake vikilikaza pezi. Nikasema polepole, kama mtu anayetoa habari njema: sultani hawezi, na kati ya wanyama wote, wewe ndiye uliyetajwa. Nilidhani atajiona ameheshimiwa."

Angalia kwamba hapo hakuna neno la kujitetea. Anayejitetea kila aya huchosha haraka, na msomaji huanza kumtafutia makosa. Vilevile usimsafishe adui kwa kumhamishia ubaya Kima. Mwandishi anayegeuza shati nje ndani bado ana shati lilelile: mmoja mwema, mmoja mbaya.

Mwili wa adui nao ufanye kazi. Papa wa aina kadhaa hulazimika kuogelea mfululizo ili maji yapite kwenye matamvua yao wapate kupumua. Kwa hiyo chini ya mkuyu hakai akisubiri, anazunguka. Kima anapochelewa kushuka, kila mzunguko ni wakati unaopita huku sultani akizidi kuugua, na hapo una saa ya hadithi yako bila kutaja saa. Mchawi anayewanasa watoto wawili katika ngano ya Kijerumani ya Hänsel na Gretel ana zawadi kama hiyo. Kwa maelezo ya ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano hiyo, wachawi wana macho mekundu yasiyoona mbali, lakini wana pua kali kama wanyama. Ndiyo maana Hänsel, anayenoneshwa ili aliwe, anamdanganya kwa kumpa mfupa aupapase badala ya kidole. Ukiandika kwa nafsi ya mchawi huyo halafu ukaeleza nywele za Gretel zinavyong'aa uani, umeharibu kila kitu. Mpe harufu ya watoto, sauti ya vigae vya keki vikimegwa paani, na ule mfupa mkononi, wiki nne, usionenepa.

Hao ndugu Grimm wana funzo jingine kuhusu matoleo. Katika chapa yao ya mwaka 1812, anayetaka binti Snow White auawe ni malkia, mama yake mzazi. Chapa ya 1819 ikambadilisha kuwa mama wa kambo. Anayeandika kwa upande wa malkia aamue mapema anamwandika yupi. Wa kambo anaogopa kupoteza nafasi yake, ilhali mzazi anaona sura yake ya jana ikimpita mezani. Wa 1812 ni mgumu zaidi, na hajaandikwa vya kutosha.

Kuhusu majina: adui hajiiti adui. Malkia hatasema "mimi mchawi", na Papa hatamwita Kima "maskini". Pitia rasimu na uweke alama kila kivumishi kinachomsifu au kumlaani mtu, kisha uliza kimetoka kinywani mwa nani. Kikiwa cha fanani wa zamani, kiondoe.

Amua pia adui anazungumza na nani. Mbele ya sultani mgonjwa Papa ataficha mengi, na kwa papa mdogo anayejifunza kazi atajigamba. Ukiacha wazi, sauti itayumba kuanzia ukurasa wa pili. Kwa hadithi ya maneno 1,500, tumia kama 300 hadi Kima apande mgongoni, 700 kwa safari na maneno ya katikati ya bahari, na yaliyobaki kwa kurudi. Kisa cha punda wa dobi usikisimulie kizima. Papa anakisikia kutoka chini, akizunguka, na upepo ukichukua nusu ya maneno.

Mwisho wa awali unamwacha Papa bila moyo na bila rafiki, na haugusi kabisa kilichompata sultani. Kama una maneno 200 ya ziada, yapeleke huko: Papa anaingia, watu wa nyumba wanamtazama mgongo, na hakuna aliyebebwa.