Chunusi za kidevuni ukubwani: kabla ya krimu nyingine, fungua picha za simu yako

Mwaka 2022 watu wa Malaba, mji wetu wa mpakani mwa Uganda na Kenya, walikuwa wameshavua barakoa. Madereva wa malori waliopanga foleni ndefu kupimwa corona walikuwa wameshasahau habari hizo, na ofisini kwetu, ambako tunashughulikia hati za forodha za mizigo inayotoka Mombasa, aliyebaki na barakoa usoni nilikuwa mimi peke yangu. Wenzangu walidhani naogopa ugonjwa. Nilikuwa naficha kidevu.

Nilikuwa na miaka 31, mama wa watoto wawili, na chunusi ambazo sikuwahi kuziona hata nikiwa sekondari. Hazikuwa zile ndogo za kwenye paji la uso. Hizi zilianzia chini kabisa, kuzunguka kidevu na kufuata mstari wa taya. Siku ya kwanza huoni kitu, unasikia tu maumivu ukipitisha kidole. Siku ya tatu pana uvimbe kama punje ya njegere, mgumu, hauna mdomo, na ukiubonyeza maumivu yanapanda mpaka sikioni. Ukipona unaacha doa jeusi la miezi. Doa halijafifia, mwingine umeota pembeni yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani ni uchafu. Barabara yetu ina vumbi na moshi wa malori mchana kutwa, kwa hiyo nilinawa uso mara nne kwa siku kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikisugua kwa dodoki mpaka ngozi inawaka. Nikapaka limau. Nikapaka dawa ya meno usiku. Ngozi ilikauka, ikaanza kubanduka pembeni mwa mdomo, na chunusi hazikutikisika. Barakoa nayo ilikuwa inanikwangua palepale penye uvimbe siku nzima, na jasho chini yake. Niliyoitegemea inisitiri ilikuwa inazidi kuniumiza.

Laiti mtu angeniambia mapema kwamba chunusi za namna hii zinatoka ndani. Kila kinyweleo kina tezi yake ya mafuta. Homoni ziitwazo androjeni, ambazo sisi wanawake pia tunazo ingawa kwa kiasi kidogo, huziamuru tezi hizo zitoe mafuta. Mafuta yakizidi hushikana na seli zilizokufa, kitundu kinaziba, bakteria wanaoishi humo siku zote wanaongezeka, mwili unaanza kupigana nao, pakavimba. Kidevu na taya ni mahali panapoitikia sana homoni hizo, ndiyo maana hata ndevu za wanaume huota hapo. Dodoki haifiki huko.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na ndilo linalonifanya niandike. Wifi yangu, kwa mapenzi kabisa, alinipeleka kwa mama mmoja anayechanganya mafuta. Kikopo cheupe hakina jina wala karatasi, shilingi 15,000 za Uganda. Siku ya tano uso wangu ulikuwa laini kama wa mtoto. Nilimpigia wifi simu kumshukuru. Nilipaka wiki kama saba, na kikopo kilipoisha nikakaa siku nne bila kupaka. Siku ya tano niliamka uso mzima unawaka moto, vipele vidogo vyekundu vimejaa mashavuni ambako hata chunusi sikuwa nazo. Nilirudi mbio kununua kikopo kingine.

Huo ndio mtego wa mkorogo. Mingi imetiwa dawa kali za steroidi, kama klobetasoli, zinazotuliza uvimbe haraka sana. Zikitumika usoni kwa wiki nyingi ngozi inakonda, vishipa vinaonekana, vinyweleo vinaongezeka, na dawa hiyohiyo inazaa chunusi zake. Ukiacha, uso unalipuka, nawe unaona dawa ni kurudi kupaka. Mingine ina zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo. Bado vinauzwa, twajua sote. Dada yangu, kikopo kisichoandikwa kilichomo ndani kisiguse uso wako, hata aliyekupa awe mama yako mzazi.

Aliyenitoa humo ni ofisa tabibu wa ngozi katika kliniki moja mjini Mbale. Alikuwa amesomea Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, ambacho tangu 1992 kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nasema hivi kwa sababu wengi tunaamini kwamba bila kufika hospitali kuu ya Mulago au kumwona bingwa wa Kampala hakuna msaada. Ulizia hospitali ya mkoa wako kwanza.

Aliniangalia taya chini ya taa, kisha akauliza, "Mama, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?"

Nilishangaa. Nimekuja kwa ajili ya uso. Nikamwambia sindano, ile ya miezi mitatu, tangu mtoto wa pili.

"Kadi unayo?"

Kadi ilikuwa mkobani. Akaniambia nitoe simu nifungue picha. Tukaanza kurudi nyuma, yeye ameshika kadi, mimi naburuza kidole kwenye kioo. Picha ya ubatizo wa mtoto, Mei 2021: uso safi. Sindano ya kwanza, Juni. Picha ya Septemba, niko na shemeji zangu Tororo: doa moja upande wa kushoto. Krismasi: nimejifunika kidevu kwa mkono kama ninayecheka. Picha zote za mwaka uliofuata, barakoa. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo, na lilikuwa simuni mwangu muda wote.

Hakusema sindano ni mbaya, na mimi pia sisemi. Jirani yangu yuko kwenye sindano mwaka wa sita na uso wake umetakata. Lakini njia zenye homoni ya projestini peke yake, yaani sindano, vijiti vya mkononi na baadhi ya vidonge, kwa baadhi ya wanawake huongeza chunusi. Vidonge vyenye estrojeni na projestini pamoja mara nyingi huzipunguza, ila havimfai kila mtu: mwenye presha, mwenye historia ya damu kuganda, anayevuta sigara akiwa amevuka miaka 35, mwenye kipandauso kinachomletea mwanga machoni, wala mama aliyejifungua wiki chache zilizopita. Usiache njia yako leo kwa sababu ya makala hii. Mimba usiyoipanga ni mzigo mkubwa kuliko chunusi. Kaa na muuguzi mchague nyingine kwanza. Mimi presha yangu hupanda, kwa hiyo nilichagua koili ya shaba, isiyo na homoni yoyote.

Aliuliza pia kama kabla ya sindano hedhi ilikuwa inaruka miezi, na kama naota nywele nene kidevuni au tumboni. Kama jibu lako ni ndiyo, liseme bila kuona haya, maana huenda ovari ndizo zenye shida, na hiyo hutibiwa kwa njia yake.

Dawa za kupaka alizonipa zilikuwa mbili tu. Asubuhi benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, usiku adapalini ya asilimia 0.1. Adapalini ni kiasi cha punje ya njegere kwa uso wote, si juu ya chunusi tu, na mwanzoni usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, juu ya ngozi iliyokauka vizuri. Wiki tatu za kwanza uso ulizidi kuharibika na nililia. Alikuwa amenionya, na ndiyo maana sikuacha. Hesabu wiki 12 kabla ya kusema dawa haifanyi kazi. Angalia pia benzoili isiguse leso unayoipenda. Foronya zangu mbili za buluu zina mabaka meupe mpaka leo. Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, adapalini iache na umuulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo husaidia pia kufifisha madoa kwenye ngozi nyeusi kama zetu. Vidonge vya spironolaktoni vipo kwa wanawake wenye chunusi sugu za taya, na isotretinoini ipo kwa hali mbaya kabisa, lakini hivi viwili ni vya daktari, na isotretinoini humharibu mtoto tumboni vibaya sana. Usimezeshwe na muuza duka la dawa. Hata antibayotiki kama doksisaiklini usijinunulie kila mwezi.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Niliacha mchuzi wa karanga mwaka mzima kwa sababu kila mtu aliniambia karanga ndizo zinazoleta chunusi. Sikuona tofauti hata chembe, nikaurudia kwa furaha. Soda nimepunguza, maana vitu vyenye sukari nyingi kweli huwazidishia wengine.

Madoa yalichukua muda mrefu kuliko chunusi zenyewe. Jua ndilo linaloyakoleza, kwa hiyo napaka krimu ya kukinga jua kabla ya kutoka kwenda uwanja wa malori, na navaa kofia pana. Kubwa kuliko yote ni mikono: usikamue. Ule uvimbe hauna mdomo, ukiuminya unapasukia ndani, na doa linakuwa mara mbili.

Mwili wangu haukuisahau sindano upesi. Ilipita karibu miezi minane hedhi ikae sawa, na hapo ndipo nilipoanza kuandika kwenye daftari la shule, lenye mistari: kitone chekundu kila uvimbe mpya unapoota, herufi H siku ya hedhi. Vitone vyote vilikaa kwenye wiki moja kabla ya H. Siku hizi wiki hiyo ikikaribia sishtuki, wala sibadili dawa, wala sinunui kitu. Jana kimetokea kimoja, chini ya taya upande wa kulia. Nimekiandika, nikanawa uso kwa maji na sabuni laini, nikaenda kazini. Lori la kwanza lilikuwa limeshafika, na dereva, mzee wa Mombasa anayenijua tangu siku za barakoa, alinisalimia huku akinitazama usoni, nami nikamtazama.