Kabla ya Bubba Wallace alikuwepo Wendell Scott
Wapo wanaosema Bubba Wallace ndiye dereva Mweusi wa kwanza kushinda mbio za ngazi ya juu za NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani. Hapana ndugu, si wa kwanza. Ni wa pili. Wa kwanza ni Wendell Scott wa Danville, Virginia, aliyeshinda mbio za Jacksonville, Florida, tarehe 1 Desemba 1963.

Tena ushindi wenyewe ulikuwa kituko. Scott anapita mstari wa mwisho, bendera ya ushindi haipungwi. Kombe akakabidhiwa Buck Baker, dereva Mzungu. Saa kadhaa baadaye, majukwaa matupu, ndipo waandaaji wakakubali kwamba Scott alimtangulia Baker kwa mizunguko miwili. Eti walikosea kuhesabu! Mizunguko miwili? Mimi hapo hapana.

Na huyu hakuwa na timu ya matajiri. Alikuwa fundi makenika, ujanani akisafirisha pombe ya magendo usiku huku polisi wakimfukuza. Magari alinunua yaliyokwisha kutumika, akayafunga upya mwenyewe, wanawe wakiwa ndio mafundi wake uwanjani. Alishiriki mbio 495 za ngazi hiyo ya juu, na ajali mbaya ya mwaka 1973 katika uwanja wa mbio wa Talladega, iliyomvunja mifupa, ndiyo iliyomlazimisha kustaafu. Alifariki 1990. Kombe lake la Jacksonville familia ilikabidhiwa rasmi Agosti 2021.