Mamangu asoma Kuruani vizuri, lakini klinikini "alifeli"

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mamangu ana miaka 74, twakaa Kibokoni. Skuli hakwenda, alisoma chuoni tu, yaani madrasa, Kuruani anaisoma na tenzi za herufi za Kiarabu pia anazisoma. Juzi klinikini wakamwambia asome sentensi ya herufi za kizungu na aandike yake, akashindwa, tukaambiwa akili yaanza kupotea. Tangu siku hiyo hata chakula hali vizuri. Ni kweli? (Msomaji, Kibokoni)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu, pole, na mama mpe pole zangu. Hayo maswali yafanana sana na mtihani wa kupima kumbukumbu na akili uitwao MMSE, una alama 30, ulianza 1975, na ndani yake wapewa karatasi imeandikwa "funga macho" usome ufanye halafu uandike sentensi, sasa mtu hakufunzwa herufi hizo alama si zampita kabla hata hajaulizwa la kukumbuka! Kwa karatasi hiyo peke yake hawakumtendea haki, naliona hivyo kabisa.

Ila sikufichi, kutojua kusoma kwenyewe kuna uzito. Kuna utafiti wa New York wa 2019, wazee 983 waliosoma miaka minne au chini, na wale wasiojua kusoma walikuwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, karibu mara tatu ya wenzao. Lakini mama anasoma! Kwangu mimi herufi za Kiarabu pia ni kusoma.

Na usitosheke kwa kumsikia akisoma Yasini bila kukwama, manake alichohifadhi mtu utotoni hukaa sana hata ugonjwa ukishaanza. Mpe utenzi asioujua, asome beti chache kisha akuhadithie umesema nini. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana, si na jirani: je, anapotea njia ya Marikiti aliyoizoea, anauliza jambo moja mara tano, anasahau chungu motoni? Macho pia, huenda ni mtoto wa jicho, na masikio, na sukari na presha, hayo yote yapimwe.

Mkirudi kwa daktari mwambieni mwanzo kabisa mama anasoma herufi gani, maswali aulizwe kwa mdomo na kwa Kiswahili chake. Na leo jioni kaa naye umwambie kwamba hakuulizwa anachokijua.